Pazia Tulilisogeza Wenyewe



Ndugu wasomaji wa kurasa hizi za familia, jambo tunalolisimulia leo tumekaa nalo kifuani tangu Ramadhani iliyopita, na zaidi ya mara moja tumeshika kalamu kisha tukaiweka chini. Si jambo la kujisifia. Tunaandika wawili, mume na mke, kwa kuwa kosa lenyewe lilikuwa la wawili: mmoja wetu alisogeza pazia, na mwingine akamnyanyua mtoto.

Ilikuwa Ramadhani 27. Tulikuwa ndani ya basi tukitoka Dar es Salaam kwenda Tanga, kwa bibi wa watoto, kuisubiri Idd huko. Tulikuwa watano: sisi wawili, kijana wetu mkubwa, binti yetu wa kidato cha tatu, na mwanetu wa mwisho aliyekuwa na miaka sita. Ndani ya basi palikuwa na ule utulivu wa watu waliofunga. Abiria mmoja mbele yetu alikuwa akisoma juzuu yake kwa sauti ya chini, wengine wamelala. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, na abiria wa upande wetu walikuwa wamefunga mapazia ya madirisha.

Tulikuwa tumeshavuka mto Wami na kuiacha nyuma kwa mwendo mrefu pale basi lilipoanza kupunguza mwendo. Mbele yetu magari yalikuwa yamejipanga. Tulidhani ni ukaguzi wa askari, au ng'ombe wanavuka. Tuliposogea ndipo tukaona kwamba njia yetu ilikuwa wazi kabisa, haina hata jiwe. Ajali ilikuwa upande wa pili wa barabara, gari dogo na lori. Foleni yote ile haikusababishwa na ajali. Kila dereva akifika pale alikuwa anakwenda kwa mwendo wa kinyonga ili naye aone, na wa nyuma yake hivyo hivyo. Baadaye tulipishana na gari la wagonjwa likija kutoka mbele, limewasha king'ora, linatafuta upenyo katikati ya watu waliokuwa wamesimama barabarani kutazama.

Ndani ya basi usingizi ulikwisha mara moja. Abiria wa upande wa kushoto wakahamia kulia. Watu wazima walisimama juu ya vyakula na mizigo ya wenzao, shingo zimerefuka, huyu anachungulia juu ya bega la yule. Aliyekuwa akisoma juzuu aliifunga akaweka kidole katikati ili asipoteze ukurasa, naye akasimama. Mzee mmoja akasema, kana kwamba anatuombea udhuru sote, "Macho hayana pazia, wanangu."

Sisi tulikuwa tumekaa upande wa kulia, dirishani. Pazia la kitambaa cha buluu lilikuwa limefungwa. Tukalisogeza.

Mwanetu mdogo akauliza kuna nini, naye hafikii. Mmoja wetu akamshika kwapani akamnyanyua, akamsimamisha juu ya kiti ili aone. Tumejaribu mara nyingi kukumbuka tulikuwa tunafikiri nini wakati ule, na ukweli ni kwamba hatukuwa tunafikiri chochote. Mtoto akililia kitu, mkono humnyanyua. Tungemnyanyua vivyo hivyo kumwonesha twiga.

Tulichokiona hatutakieleza. Msomaji anayekingoja akubali kwamba ndiyo khabari yenyewe tunayoandika.

Tutaeleza jambo moja tu la pale. Kulikuwa na mama wa makamo, bila shaka mmoja wa wale wauza mkaa wa pembezoni mwa barabara, kwa sababu mikono na miguu yake ilikuwa na vumbi jeusi la mkaa. Watu walikuwa wamezunguka duara, na walio nyuma wanasukuma walio mbele. Yule mama aliingia kati akavua kanga yake ya kujitanda, akabaki na kitambaa kichwani na nyingine aliyojifunga kiunoni, akaitandaza. Ilipokuwa haitoshi akaita kwa sauti, na wanawake wawili wakatoka upande wa magunia wakaja na zao. Wakasimama wameshika pembe za kanga kama ukuta, mgongo kwa mgongo na ule umati. Jina la kanga hatukuweza kulisoma. Dini ya yule mama hatuijui. Na kijana mmoja, mrefu, alinyoosha mkono wenye simu juu ya ukuta ule wa kanga akapiga picha upande wa pili, bila hata yeye mwenyewe kuona anachokipiga.

Tulimlaani kijana yule kwa sauti, ndani ya basi, na abiria wenzetu wakatuunga mkono. Tulikuwa bado hatujageuka kuona kwamba binti yetu naye alikuwa ameinua simu yake dirishani.

Pale Segera basi lilisimama. Wauza machungwa wa Muheza walikuja madirishani kama kawaida na matenga yao. Tukamnunulia mdogo chungwa, kwa kuwa yeye hafungi, akalishika mkononi mpaka Tanga bila kulimenya.

*

Usiku wa kwanza hakulala. Wa pili alilala, akaamka analia, na godoro limelowa, jambo alilokuwa ameliacha tangu ana miaka mitatu. Hakutaka mlango wa chumba ufungwe. Alikuwa na swali moja ambalo aliliuliza wakati wa kufuturu, watu wote wako mkekani, tende ziko mikononi: "Yule bibi wa mkaa alirudishiwa kanga yake?"

Bibi yake akauliza, kanga gani. Tukaeleza kwa kifupi, kwa maneno ya kuzungukazunguka. Bibi akanyamaza, akampa mtoto uji, akamwombea dua. Watoto walipoondoka ndipo alipotugeukia.

"Nani aliyempa kuona?"

Tulikaa kimya.

"Nauliza, mtoto huyu kimo chake hiki. Dirisha la basi lile mimi nalijua. Nani alimpa kuona?"

"Ni sisi, Mama."

Hakutufokea. Alisema tu, "Haya," akaenda kuosha vyombo, kazi ambayo kwa kawaida hatumwachii aifanye tukiwapo. Usiku ule tuliona ni afadhali angetufokea.

Inafaa tumweleze bibi huyu ni nani. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa mmoja wa waoshaji wa maiti wa kike katika mtaa wake. Ameosha wazee, ameosha vichanga, ameosha waliokufa kwa maradhi marefu na waliokufa kwa ajali. Sisi tumekua tukimwona akitoka kwenye nyumba za watu na ndoo yake. Kila msiba una wanawake ambao humsubiri uani, wanasogea karibu, wanarefusha shingo kutazama mlango anaotokea, na swali lao ni moja kwa sura mbalimbali: alikuwaje? Uso ulikuwa wa nuru? Kulikuwa na alama? Wapo wanaouliza kwa mapenzi ya marehemu na wapo wanaouliza kwa umbeya, na yeye hajishughulishi kuwatenganisha. Huwajibu wote, "Nimeosha, nimemaliza." Katika miaka yote hiyo hatujapata kusikia kutoka kinywani mwake neno moja juu ya mwili wa mtu. Hata mama yake mwenyewe, aliyemwosha kwa mikono yake, hajatuambia lolote ila kwamba maji yalikuwa ya vuguvugu.

Na kule ndani, alitufundisha zamani, nguo ya kufunika haiinuliwi. Maji hupitishwa chini yake na mkono huvikwa kitambaa. Asiye na kazi hakai chumbani, hata akiwa ndugu. Panapokosekana chumba, wanawake husimama wanne na kanga zao wakafanya kuta nne. Tulipomsikia mtoto akiuliza juu ya kanga ya mama wa mkaa tulikumbuka hilo, na tukaona aibu kwamba mwanamke asiyetujua, kandokando ya barabara, alifanya kwa haraka kile ambacho sisi tumelelewa nacho nyumbani, na sisi tulifanya kinyume chake.

*

Kesho yake, baada ya Alfajiri, Bibi mwenyewe ndiye aliyefungua mazungumzo. Alitukumbusha kisa cha Al-Fadhl bin Abbas (RA), ambacho wengi wetu tumekisikia katika darasa za Hija. Katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, Al-Fadhl alikuwa kijana, amepakiwa nyuma ya Mtume (SAW) juu ya mnyama wake. Akaja mwanamke wa kabila la Khath'am kuuliza kama anaweza kumhijia baba yake mkongwe asiyeweza kukaa sawasawa juu ya kipando. Al-Fadhl akawa anamtazama. Mtume (SAW) akaushika uso wa kijana yule kwa mkono wake akaugeuza upande mwingine, huku akimjibu yule mama swali lake. Katika riwaya aliyoipokea Tirmidhi, baba yake Al-Fadhl, yaani Abbas, aliuliza kwa nini ameipinda shingo ya binamu yake, naye Mtume akaeleza kwamba aliwahofia vijana wale wawili na Shetani.

Tulikuwa tukikisikia kisa hiki kama kisa cha wanaume na wanawake tu, na ndivyo kilivyo. Lakini Bibi alitaka tuutazame ule mkono. Mkubwa alipoona shingo ya mdogo imeelekea pasipofaa, aliigeuza kwa upole, bila kumwaibisha mbele ya mahujaji. Mikono yetu sisi ilimnyanyua mtoto ili aone vizuri zaidi.

Kisha akaongeza jambo ambalo hatukuwa tumeliunganisha. Miezi michache tu baada ya Hija ile, Mtume (SAW) alifariki, mwaka wa 11 Hijria. Miongoni mwa waliomwosha, pamoja na Ali, na Abbas, na wengine wa nyumbani kwake, alikuwemo Al-Fadhl huyuhuyu. Masahaba walisita kama wamvue nguo kama wanavyovuliwa maiti wengine, na wakamwosha na kanzu yake mwilini, maji yanamiminwa juu ya kanzu, na mikono yao inasugua kutokea juu ya kitambaa. Kijana aliyegeuzwa shingo akapewa kazi hiyo. Bibi hakusema zaidi ya hapo. Alikuwa na mtu wa kumtembelea hospitalini, akaondoka.

Tangu siku ile tumerudi kwenye tafsiri mara kadhaa. Katika Sura Twaha, na pia katika Al-Hijr, Allah (SW) anamkataza Mtume wake asiyakodolee macho yale waliyostareheshwa nayo wengine, na wanaojua Kiarabu wanatueleza kwamba kitenzi kilichotumika pale ni cha kunyoosha, kama mtu anavyonyoosha kamba au mkono. Jicho hunyooshwa. Halikai tu mahali pake likapokea kinachopita. Mtu hulitoa akalipeleka. Na katika Sura An-Nur amri ya kuinamisha macho imekuja kwa waumini wanaume, kisha ikaja peke yake kwa waumini wanawake, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

Mzee wa kwenye basi alisema macho hayana pazia. Ni methali ya wazee wetu na tunaiheshimu, nayo ina ukweli wake: jambo likitokea mbele yako ghafla huwezi kulikataa lisiingie. Ndiyo maana Jarir bin Abdillah (RA) alipouliza kuhusu mtazamo wa ghafla aliambiwa ageuze macho, na Ali (RA) alifundishwa kwamba mtazamo wa kwanza ni wake lakini wa pili si wake. Wa kwanza umesamehewa. Ila sikio ndilo lisilo na kifuniko hata kidogo, na jicho limepewa kope mbili. Na pale kwenye basi, zaidi ya kope, palikuwa na pazia hasa, la kitambaa, na lilikuwa limefungwa.

*

Sasa tuje kwenye simu ya binti yetu, maana hapo ndipo pana uchungu zaidi.

Tuligundua usiku wa Ramadhani 28. Alikuwa amerekodi kama nusu dakika, na kabla hatujafika Segera alikuwa ameshaituma katika kikundi cha WhatsApp cha mabinamu zake. Tulipomuuliza kwa nini, alitujibu kwa unyoofu ambao haukutuachia pa kusimama: "Nilidhani si vibaya, maana ninyi mlikuwa mnamwonesha mdogo wetu."

Akaifuta. Katika kikundi kile ikaondoka. Lakini mmoja wa mabinamu alikuwa ameshaipeleka kwa marafiki wa shule, na siku ya pili ya Idd ilitufikia sisi wenyewe kutoka kwa mtu wa kazini aliye Mwanza, imeandikwa maneno ya kubuni ya mahali na idadi ya waliokufa, na chini yake alama za kulia na mikono ya dua. Tuliitambua kwa ukingo wa pazia la buluu uliokuwa ukipepea pembeni mwa picha.

Yupo jirani yetu, mama wa heshima zake, ambaye alijua kifo cha mumewe kwa njia hiyo. Shoga yake alimpigia simu akamwambia atazame kikundi, hakujua anamwambia nani. Uso haukuonekana katika picha. Alilolijua ni shati, kwa sababu alfajiri ile alilipiga pasi yeye mwenyewe. Alikuwa jikoni. Mpaka watu wa msikiti walipofika kumpa khabari kwa adabu inayotakiwa, mmoja amekuja na mkewe ili awe karibu naye, yeye alikuwa ameshaketi sakafuni kwa zaidi ya saa moja.

Haya tuliyajua miaka miwili kabla ya safari ile. Tulikwenda kumpa pole, tukakaa naye, tukatikisa vichwa kwa masikitiko juu ya watu wa siku hizi. Na bado pazia tulilisogeza.

Vijana wana neno lao la mzaha, shingo feni, kwa mtu ambaye shingo yake haitulii kila kinachopita lazima aigeukie. Feni angalau huzunguka mahali pake. Simu imeipa shingo urefu wa kutoka Handeni mpaka Mwanza. Zamani aliyechungulia alilazimika kuwepo. Tunasoma katika Bukhari na Muslim kisa cha mtu aliyechungulia katika tundu la mlango wa Mtume (SAW), naye Mtume ana kichanuo mkononi anajikunia kichwa, akamwambia kwamba angelijua anachungulia angelimchoma nacho jichoni, kwani kubisha hodi kumewekwa kwa ajili ya macho. Mtu yule alikuwa mmoja, na tundu moja, na mwenye nyumba alimwona. Yule aliyelala barabarani alichunguliwa na watu wasiohesabika, hakuna aliyepiga hodi, na yeye hakuwa na uwezo hata wa kujua.

*

Mmoja wetu, tulipokuwa tukiandika haya, aliuliza swali la haki: je, tunataka watu wapite ajalini wameinamisha vichwa kana kwamba hawakuona? Hapana, na hilo nalo tumelifikiri. Kama njia ingekuwa tupu na gari lile ndiyo kwanza limegonga, basi kusimama kungekuwa wajibu wetu, na kutazama kungekuwa sehemu ya wajibu huo, kwa sababu huwezi kumsaidia usiyemwona. Mama wa mkaa alitazama. Alitazama akaona kinachokosekana, akakitoa mabegani mwake. Pale basi letu lilipopita walikuwapo wasaidizi wa kutosha na watazamaji mara kumi yao, na msaada pekee uliokuwa umebaki kwetu ulikuwa ni kuondoka haraka ili gari la wagonjwa lipite. Kijana wetu mkubwa amewahi kufunzwa huduma ya kwanza shuleni, anatuambia kwamba majeruhi anahitaji hewa na nafasi, na kwamba kumvuta mikono mtu aliyeumia mgongo kunaweza kumlemaza, isipokuwa moto unamfuata. Umati haumpi hewa wala nafasi. Namba ya polisi ya dharura ni 112 na ya zimamoto ni 114. Katika basi lile zima, na simu zote zile zilizoinuliwa, hatukusikia mtu aliyezipiga, na sisi wenyewe hatukuzipiga.

Tena watazamaji si kwamba wako salama. Wengi wetu bado tunaikumbuka asubuhi ya Agosti 10, 2019, siku ambayo mahujaji walikuwa Arafa. Lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, watu wakalikimbilia, wengi kuchota yaliyomwagika na wengine kutazama wenzao wakichota. Moto ulipolipuka haukuwatenganisha. Waliofariki walizidi 100. Wenzetu wa Kenya walikuwa wameyapata kama hayo Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 31, 2009, nako roho zaidi ya 100 zikapotea. Allah awarehemu wote. Tunayataja kwa sababu binti yetu aliuliza kama kutazama tu kunaweza kumdhuru mtu.

*

Hatukutaka mtoto wetu awe mwoga wa kuangalia dunia. Kwa siku mbili alikuwa akifumba macho kila gari lilipopiga honi, na hilo lilitutia khofu kuliko kulia kwake. Bibi yake akamsimulia, akiwa amempakata barazani, kisa cha Bi Aisha (RA) na Wahabeshi. Siku ya Idd Wahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki na ngao zao msikitini, na Bi Aisha, aliyekuwa bado binti mdogo, akataka kuona. Mtume (SAW) akasimama mlangoni, yeye akawa nyuma yake, anatazama kutokea begani kwake, shavu lake karibu na shavu la Mtume, na Mtume amemsitiri kwa shuka yake. Akasimama hivyo, hakumharakisha, mpaka Bi Aisha mwenyewe akachoka.

"Alichoka saa ngapi?" akauliza mtoto.

"Alipotosheka," Bibi akasema.

Tulikuwa jikoni tunasikia. Bi Aisha alirefusha shingo, tukasemezana, na aliyemkinga kwa shuka ndiye huyohuyo aliyemsaidia kuona.

Ramadhani 29, kabla ya Magharibi, tulikwenda Raskazone kuangalia mwezi. Watu walikuwa wengi, familia kwa familia, wameupa mgongo upande wa bahari kuu na nyuso zimeelekea magharibi, juu ya mji. Kila mtu shingo imenyooka. Wazee walikuwa wakioneshana kwa vidole pale jua lilipozama, vijana wamepanda juu ya kuta, na kila aliyesema "ule pale!" alizungukwa na watu kumi wanaofuata kidole chake mpaka ikabainika ni wingu. Tulifuturu kwa tende na maji papo hapo tumesimama.

Mmoja wetu akainama ili ambebe mdogo mabegani. Hakupanda mara moja. Alisimama ametushika nguo, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Hiki naruhusiwa kukiona?"

Tukamwambia anaruhusiwa. Akapanda. Mawingu yalikuwa mazito upande wa Muheza, na kwa muda mrefu hapakuwa na kitu isipokuwa wekundu uliokuwa ukififia. Watu wakaanza kuondoka kwenda kuswali na kusubiri khabari za redio. Bibi akatuita. Yeye aliyeko mabegani akakataa kushuka, amejishika kwenye paji la uso la aliyembeba, anageuza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, anasema hajatosheka bado.